Nyaya za usukani na kebo za mashine: niliyojifunza kwenye mashua za Ziwa Victoria

Wenye mashua wa Kampala wana imani moja iliyonipa kazi nyingi: kwamba ziwa hili, maadamu halina chumvi, haliozeshi kitu. Ukimwambia mtu tufungue kifuniko cha shetri, huku nyuma ya mashua, tuangalie nyaya za usukani, atakujibu, "Fundi, hapa si Mombasa." Ni kweli. Mimi ni mtu wa Mtongwe, nimeshika spana Kilindini na Kilifi miaka kadhaa kabla ya kupanda basi la Kampala, na chumvi naijua. Bolti ambayo pwani ingebaki kutu tupu, hapa Munyonyo, ufukweni mwa Kampala, utaikuta bado inang'aa. Lakini kebo haifi kwa chumvi peke yake. Kwenye ziwa hili nimeona nyingi zaidi zikifa kwa kulala.

Mashua za tanga huku si nyingi. Zilizo nyingi ni zile ndogo za mashindano, zenye kana, ile fimbo ya kuongozea kwa mkono, hazina waya wala kebo ya kumsumbua mtu. Kubwa kidogo, za futi 25 hadi 35, zenye vitanda ndani na dizeli ndogo chini ya ngazi, mtu unaweza kuzitaja moja moja kuanzia Kaazi hadi Entebbe. Baadhi zimejengwa huku huku, baadhi zimepakiwa kwenye lori Mombasa zikavuka Malaba zimelala ubavu. Mwenyewe ana shughuli zake mjini. Anakuja wikendi, kama mvua haikunyesha na kama hana harusi, na Kampala harusi haziishi. Kati ya safari na safari, mashua imefungwa kwenye boya, jua la ikweta limeikalia utosini mchana kutwa, jioni mvua, na mkono wa gia uko pale pale ulipoachwa. Maji yanayoingia kwenye ncha ya kebo yanapata nafasi ya kukaa. Kutu haina haraka, na hakuna anayeisumbua.

Na zile zilizotoka pwani zilikuja na chumvi yao. Jambo hili watu hawaliwazi. Waya ulio ndani ya nguzo ya usukani haukuwahi kuoshwa hata siku moja. Chumvi iliyoganda kati ya nyuzi zake ilipanda lori pamoja na mlingoti, na unyevu wa huku unaiamsha kila msimu.

Mashua iliyonifundisha zaidi ni ya mzee mmoja daktari. Inalindwa na askari mstaafu ambaye sote tunamwita Afande, na Kiswahili chake ni kile cha kambini, hakina ngeli wala hakina mzaha. Alinipigia simu Jumapili moja jioni. "Fundi, gia imekatala. Kuja."

Walikuwa wanarudi kutoka kisiwa cha Bulago. Walipokaribia gati, mzee akarudisha mkono katikati, nyutro, na mashua ikaendelea mbele kama haikuambiwa kitu. Akavuta rivasi, mkono ukasimama njiani. Akazima mashine, Afande akaruka na tairi kuukuu mkononi akaliweka kati ya ubavu na nguzo, wakapona kwa mkwaruzo. Nilipofika, tayari kulikuwa na mtu amekwisha kutoa hukumu kwamba giaboksi imekufa na inafaa kushushwa. Giaboksi ya mashua ikishushwa, mashine nayo inasogezwa, shafti inafunguliwa, na bili inapanda hadi mwenye mashua anaanza kuuliza bei ya kuiuza.

Mimi kabla sijalaumu giaboksi huwa naachanisha vitu vitatu: mkono wa juu, kebo, na gia yenyewe. Nilishuka chini, nikatoa splitipini, ile pini yenye miguu miwili ya kukunjwa, kwenye kijimkono cha giaboksi, nikaichomoa ncha ya kebo. Kile kijimkono nikakisogeza kwa vidole viwili: mbele, katikati, nyuma, na kila mahali kikakaa kwa kishindo chake kidogo. Gia nzima. Nikamwambia Afande asogeze mkono wa juu huku kebo ikiwa bado imefungwa kule juu na chini iko huru. "Nzito, fundi. Nzito sana." Nikaichomoa na kule juu. Mkono peke yake ukawa mwepesi. Kilichobaki ni kebo, na haikuchukua hata nusu saa kujua.

Tuliitoa tukailaza kwenye gati. Nilikata ganda lake kwa kisu ili mzee aone, maana mtu akiona kwa macho yake hasumbuki kulipa. Kebo ya aina hii juu ina ganda la plastiki. Chini ya ganda kuna nyaya ngumu za chuma zilizolazwa kwa kuzunguka, zikishikana bega kwa bega kutoka ncha hadi ncha. Ndizo zinazoizuia isinywee inaposukumwa. Ndani yao kuna mrija wa plastiki laini, na ndani ya mrija ndimo unamopita ule moyo wa chuma unaosogea. Ncha ya upande wa mashine ilikuwa imekaa karibu na bomba la moshi, joto limekausha kile kimpira cha kuzuia maji hadi kikapasuka. Maji yameingia hapo, yakatambaa kwenye zile nyaya za kuzunguka, zikashika kutu. Kutu inavimba. Kwa nje haina pa kwenda kwa sababu ya ganda, basi inabana kwa ndani, na ule mrija unaukaba moyo.

Ndiyo maana sina imani na dawa ya kunyunyizia. Kila boti unakuta kopo lake, na kila mlinzi anajua kuelekeza kimrija kwenye ncha ya kebo. Oili inafika kwenye moyo, lakini ugonjwa uko nje ya mrija, mahali ambapo oili haifiki. Mkono utalainika kidogo, mwenye mashua atafurahi, na uchafu utapata gundi ya kushikia. Kebo nyingi za siku hizi zimetiwa mafuta kiwandani na hazikutengenezwa ili uziongezee. Ncha zake, vimpira vyake na pini zake ndivyo vya kusafisha na kupaka grisi kidogo. Zaidi ya hapo, ama ni nzima ama ibadilishwe.

Na kebo haikatai ghafla. Afande alikuja kukiri kwamba tangu Krismasi mkono ulikuwa mwepesi kwenda mbele na mzito kurudi. Huo uzito wa upande mmoja ndio dalili ninayoiogopa kuliko zote. Nyingine ni mkono kusogea kwanza bure, na kitu cha chini kuitika baadaye: hapo ama pini imelika, ama kile kibano kinachoshika ganda la kebo karibu na mashine kimelegea, kwa hiyo ganda ndilo linalosafiri badala ya moyo. Kwa macho, pitisha kebo yote katikati ya kidole gumba na cha shahada. Ukigusa uvimbe, ufa, au doa la kahawia linalochuruzika kutoka nchani, usitafute dalili nyingine.

Mzee aliposikia kebo mpya ya aina ile haipo Kampala siku hiyo, alisema maneno ambayo nayasikia kila mara: "Nenda Kisekka." Kisekka Market, pale Nakivubo, ni mahali ninapopapenda. Hakuna spea ya gari usiyoikuta, na kama haipo kuna kijana atakayeitengeneza ukingoja. Waya wa klachi wa boda anaukata kwa kipimo chako, anautia kichwa kwa kuchoma risasi, na unaondoka nao ungali moto. Lakini waya wa boda kazi yake ni kuvuta tu. Ukiuachia, springi ndiyo inayoirudisha klachi. Kebo ya gia ya mashua inavuta na kusukuma: mbele ni kuvuta, nyuma ni kusukuma, au kinyume chake kutegemea ilivyofungwa. Ukiusukuma waya wa boda unajikunja ndani ya ala yake, na nusu ya mwendo inapotelea humo. Nimekuta mashua imefungwa waya wa namna hiyo. Ilikwenda mbele vizuri sana. Kusimama ndiko kulikokuwa na shida.

Ila kwa waya wa kuzimia mashine, Kisekka inatosha kabisa. Dizeli ndogo za zamani, kama Yanmar 2GM20, hazizimwi kwa ufunguo. Unavuta kitasa, waya unavuta kijimkono cha pampu ya dizeli, mafuta yanakatika, na springi inakirudisha. Ni kuvuta tupu. Waya huu ukikatika mashine haizimiki, na mtu asiyejua anaanza kuchomoa nyaya za betri, jambo ambalo dizeli haijali ila altaneta inaweza kuungua. Kila mlinzi ninayemfanyia kazi namwonyesha kile kijimkono kiko wapi ili akizime kwa kidole.

Kebo ya mzee ililetwa kutoka nje. Kwenye ganda la ile kuukuu kulikuwa na namba ya aina na urefu wake kwa futi. Namba ikiwa imefutika, inyooshe kebo uipime ncha hadi ncha, kwani ndivyo zinavyouzwa. Kwenye mashua nyingi utakuta aina inayoitwa 33C, ambayo nchani ina uzi wa skrubu wa vipimo vya inchi, wa 10-32, yaani unene namba 10 na mizunguko 32 kwa inchi. Hapa pana mtego. Nati ya milimita 5 inaingia kwenye uzi ule vizuri tu, inazunguka, hata inakaza kidogo, kwa sababu nafasi kati ya mizunguko ya nyuzi hizo mbili inakaribiana sana. Lakini imelegea, na siku ikibebeshwa mzigo inateleza na kutoka na uzi wake. Mafundi wa Katwe, mtaa wa hapa Kampala, wana mkono mzuri na chuma, siwadharau hata kidogo, ila ukienda kwao na ncha ya kebo bila kusema uzi ni wa nini, utapewa nati ya milimita 5 na tabasamu.

Kuipitisha mpya, funga kamba kwenye ncha ya kuukuu kabla hujaivuta. Kamba itabaki njiani na ndiyo itakayoivuta mpya. Usikunje kona ya nusu kipenyo chini ya sentimita 20. Ikiwa kebo ni ndefu kidogo kuliko inavyotakiwa, iache izunguke kwa nafasi, wala usiifunge kwa kuibana. Na usifunge kamba ya plastiki karibu na ncha, kwa sababu kile kimrija cha nchani hutakiwa kuyumba kidogo kila kijimkono kinapozunguka. Ukikinyima kuyumba kinapinda moyo wa kebo. Hii ya mzee tuliihamisha mbali na bomba la moshi, ikabidi kutoboa ukuta wa mbao mahali papya.

Kuiseti ndiko kunakotaka subira. Mkono wa juu unasimama nyutro, kijimkono cha giaboksi kinakaa kwenye nyutro yake, kisha unazungusha kipande cha nchani hadi pini ishuke tundu lake yenyewe bila kulazimishwa. Mimi sikubali uzi ushike chini ya sentimita moja. Halafu mbele, halafu nyuma, na kila upande kijimkono kifike mwisho wake kabisa. Giaboksi ndogo za Yanmar zina klachi ya umbo la pia, na kijimkono kisipofika mwisho ile pia haishiki sawasawa, inateleza, inapata moto, inalika. Miezi michache baadaye utaambiwa giaboksi imekufa, na safari hii ni kweli. Kisha nati ya kukazia, kisha splitipini mpya. Ya zamani iliyonyooshwa kwa koleo sirudishi. Kebo ya akselereta inakuja mwisho: mkono ukiwa chini kabisa, kijimkono cha mashine kiegemee skrubu ya mwendo wa chini, na kule juu kigote kizuizi chake bila kebo kupinda.

Tulijaribu mashua ikiwa imefungwa kamba gatini mbele na nyuma, mimi chini na tochi, Afande juu. "Mbele!" "Mbele iko!" "Nyutro!" "Nyutro iko!" Watu waliokuwa wanakula samaki pale ufukweni walidhani kuna gwaride.

Upande wa usukani ni kazi nyingine, na inataka mtu mwembamba. Ninaye kijana wa Bukoba, Mhaya, anaingia kwenye kile kijipango chini ya shetri kama kenge. Mwenye mashua akishika gurudumu la usukani anadhani ameshika usukani, lakini kati yake na usukani wenyewe, ule ubao ulio majini, kuna safari ndefu: gurudumu linazungusha sproketi juu ya nguzo, sproketi inavuta mnyororo, mnyororo umeungwa na waya kila upande, nyaya zinashuka ndani ya nguzo, zinapita kwenye kapi, zinakwenda nyuma hadi kwenye kile chuma cha umbo la robo duara kilichobana mti wa usukani. Sisi tunakiita robo tu. Kokote njiani kitu kikilegea, mashua inaumia.

Waya unaotakiwa ni wa stenlesi wa 7×19, yaani kamba saba, kila moja ina nyuzi 19. Jumla nyuzi 133 nyembamba, kwa hiyo unakubali kuzunguka kapi. Niliwahi kuitwa Entebbe kwenye mashua ambayo mtu alibadilisha waya huo kwa masalio ya waya wa mlingoti, ule wa 1×19, kamba moja tu ya nyuzi 19. Ule ni mgumu, umetengenezwa kusimama wima ukavutwa, haukutengenezwa kupinda. Nyuzi zilikuwa zimekatika kapini zimesimama kama miiba. Na kana kwamba haitoshi, mtu huyo huyo alikuwa amesahau kwamba nyaya za mashua ile hupishana ndani ya nguzo. Mwenye mashua alizungusha kulia, mashua ikaenda kushoto, na bahati yake alikuwa bado hajafungua kamba ya mwisho. Siku zote baada ya kufunga nyaya, mtu mmoja azungushe gurudumu kulia na mwingine aangalie nyuma kwa macho: ukingo wa nyuma wa usukani uende kulia. Usikubali kuambiwa. Angalia.

Kukagua waya, chukua karatasi ya chooni, uizungushe waya kisha uivute polepole urefu wake wote. Uzi uliokatika utanasa karatasi. Usipitishe kiganja kitupu, utakuja kuniambia. Pakague zaidi pale waya unapokaa kapini wakati usukani uko katikati, maana mashua inapokwenda moja kwa moja gurudumu halitulii, linacheza kidogo kushoto kidogo kulia saa nzima, na kipande kile kile cha waya ndicho kinachopinda na kunyooka. Uzi mmoja ukikatika, mimi nabadilisha waya, na upande wa pili pia, kwa kuwa zilianza kazi siku moja. Chini ya kapi, angalia vumbi. Kapi iliyokaa upande inasaga: ukiona ungaunga wa chuma au uji mweusi wa alumini, usihangaike na waya kabla hujaiweka kapi sawa, la sivyo utanunua waya mwingine mwakani.

Kuhusu mafuta: oili ya kawaida ya mashine, namba 30, kwenye kitambaa, unaufuta waya nayo. Matone machache kwenye mnyororo na kwenye pini za kapi. Grisi siweki kwenye waya. Huku sababu iko wazi kuliko pwani, nayo ni wale wadudu wa ziwani, sami, wanaopanda juu kama moshi na kuanguka kwa mafungu. Asubuhi unakuta mashua imefunikwa. Mlinzi anamwaga maji, maji yanawasukuma ndani kupitia vifuniko, na kule chini kwenye ngama, tumboni mwa mashua, wanageuka uji unaonuka. Waya wenye grisi unajifunika uji huo na mchanga juu yake. Grisi inafaa kwenye beringi za juu ya nguzo tu, na kuzifikia inabidi utoe dira kwanza, ndiyo maana hazijaguswa tangu mashua izaliwe. Wapo pia nyigu wa udongo. Wanapenda kila tundu lenye giza ambalo halisogei, na kebo isiyotumika wanaiona ni kiwanja. Mara moja tulikuta kiota kizima kimeziba tundu ambamo waya wa usukani hutokea, na waya umejichimbia njia ndani ya udongo uliokauka.

Kukaza waya, funga gurudumu kwa kamba lisizunguke, halafu shuka chini ushike robo kwa mikono miwili ujaribu kuizungusha. Ikicheza, kaza, ikikataa kucheza, acha hapo hapo. Ukizidisha, gurudumu linakuwa zito na kapi zinalika. Kaza pande zote mbili kwa usawa ili pingili ya kati ya mnyororo ibaki juu ya sproketi wakati usukani umenyooka. Mimi naifunga uzi mwekundu pingili hiyo. Kama ncha za waya zimeshikwa kwa klipu za U, ile U inakaa upande wa ncha iliyokatwa, na tandiko lake linakaa upande unaobeba mzigo. Nyingi nazikuta kinyume.

Mzigo wenyewe kwenye ziwa hili hautabiriki. Gugu maji limekuwapo upande wa Uganda tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na upepo ukigeuka linahama na kufunga ghuba usiku mmoja. Mwaka 2020, ziwa lilipojaa hadi kufunika magati, visiwa vizima vya matete vilikatika vikaelea. Mwezi Aprili kimoja kilikwenda kuziba bwawa la Jinja na nchi ikakosa umeme. Mashua ikiingia kwenye vitu hivyo, mwenyewe anatia rivasi. Hapo ndipo nyaya zinapovutika. Mashua ikirudi nyuma, maji yanaupiga usukani kwa upande wake wa nyuma na kuutupa ubavuni kwa nguvu. Mtu aliyeshika gurudumu kwa kidole kimoja anashtukia limemponyoka, robo inagonga kizuizi chake, waya unanyooka milimita kadhaa na hausemi. Safari inayofuata umelegea, na waya uliolegea unaruka kutoka kapini. Rivasi inataka mikono miwili na mwendo mdogo.

Ndipo tukafika kwenye kana ya dharura. Karibu kila mashua ya gurudumu inayo: chuma kinachoshuka kwenye tundu la sakafuni, kinakaa juu ya mti wa usukani, na unaongoza mashua kwa mkono waya ukikatika. Nilimuuliza Afande iko wapi. Akafikiri. "Ile chuma ya kupinda?" Alikuwa anaitumia kuzuia mlango wa stoo usipigwe na upepo. Kifuniko cha tundu lake kilikuwa hakijafunguliwa miaka. Kilituchukua mchana mzima, na nyundo na maji ya moto. Kisha tuliijaribu nje ya ghuba, mzee mwenyewe akiwa ameishika, akagundua kwamba akiwa amekaa pale haoni mbele na kwamba kana inagonga nguzo ya gurudumu kabla usukani haujafika mwisho. Bora kujua hayo mchana. Dhoruba za huku zinapenda usiku na alfajiri, ziwa linakusanya mvua yake gizani, na mtu anayerudi kutoka visiwa vya Ssese akiwa amechelewa anakutana nayo katikati.

Kwa wale wenye injini ya kupachika nyuma na gurudumu la gari, usukani wao ni kebo nene inayosukuma fimbo ndani ya bomba la injini. Inakwama pale pale bombani, grisi ikikauka. Kabla ya kutia grisi mpya, zungusha gurudumu hadi fimbo iingie ndani kabisa. Ukitia ikiwa nje, grisi inajaa nafasi yake na fimbo inakosa pa kurudi. Na kama gurudumu limekwama, usilivunje kwa nguvu za watu wawili. Ukishavunja kifaa cha juu una spea mbili za kununua.

Mzee alikuwa ameagiza kebo za gia na akselereta zote mbili kwa pamoja, baada ya ubishi. Alinionyesha ile ya akselereta, akasema, "Fundi, hii bado nzima, kwa nini niitoe?" Nikamwambia hivyo ndivyo ninavyoitaka, ikiwa nzima. Tuliitoa, tukaipaka grisi nchani, tukaizungusha kwa duara pana, tukaining'iniza kwenye msumari chini ya kitanda cha omo, kule mbele, pamoja na waya wa usukani wa kutosha upande mmoja, klipu nne, splitipini za kila saizi na koleo la kukatia. Gia ikikataa huko Kalangala, visiwani Ssese, kebo ya akselereta ya urefu ule ule na ya aina ile ile inaingia mahali pake, uzi ule ule, na Afande anajua kuifunga. Ganda la ile mpya nimeliandika tarehe kwa kalamu ya wino mzito, upande unaoonekana ukiinua ngazi. Mzee aliuliza kama na hiyo imo kwenye bili.